Kugeuza gitaa la mkono wa kulia limfae mtu wa mashoto, kwa njia ya Jimi Hendrix

Kijana wa mashoto anayetaka kupiga gitaa la umeme hapa Lamu atatafuta sana. Magitaa yanayovuka kwa boti kutoka Mokowe karibu yote ni ya mkono wa kulia, na hata Mombasa la mashoto ni la kuagizwa na kungojewa. Hakuna haja ya kungoja. Gitaa la kulia linaweza kugeuzwa, na Jimi Hendrix, mpigaji wa Marekani aliyebadilisha sauti ya roki nzima, alifanya hivyo hivyo. Lakini kugeuza si kuhamisha nyuzi tu. Wengi huhamisha nyuzi, gitaa likawa linalia kama nzi chupani, kisha wakaamua kwamba mashoto hana bahati. Kilichowashinda ni kizingiti, kipande cha plastiki cha sentimita nne kinachoshika nyuzi karibu na kichwa cha gitaa, na hapo ndipo tutakapokaa muda mrefu zaidi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku. Wapo mashoto waliogeuza gitaa bila kuhamisha nyuzi, kwa hiyo uzi mnene ukabaki chini na mwembamba juu. Albert King, mpigaji mkubwa wa bluzi, alipiga hivyo. Hendrix hakupiga hivyo. Yeye alichukua gitaa la kulia, akalipindua, halafu akazipanga nyuzi upya ili uzi mnene urudi juu, karibu na uso wake. Ukifuata njia ya King huhitaji fundi, ila utajifunza kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kinyume na hakuna mwalimu atakayeweza kukuonyesha. Njia ya Hendrix ina kazi ya siku chache, baada ya hapo kila kitabu na kila somo linakufaa: unalitazama kama kwenye kioo.

Hendrix alizaliwa Seattle, Marekani, tarehe 27 Novemba 1942. Gitaa la kwanza la umeme alilipata 1959. Aliingia jeshini 1961, akatoka mwaka uliofuata, akazunguka miaka kadhaa akiwapigia wengine, miongoni mwao Isley Brothers na Little Richard. Septemba 1966 meneja wake, Chas Chandler, alimpeleka London, na huko akaunda bendi ya watu watatu na Noel Redding wa besi na Mitch Mitchell wa ngoma. Juni 1967 alirudi Marekani kwenye tamasha la Monterey, na kufikia asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, alipopiga wimbo wa taifa wa Marekani pale Woodstock, alikuwa ameshikilia gitaa la umeme la aina ya Stratocaster, jeupe, la mkono wa kulia, lililopinduliwa. Alifariki London tarehe 18 Septemba 1970, umri miaka 27. Kazi yake ya kutoa sahani kwa jina lake mwenyewe haikufika miaka minne, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imepigwa kwa magitaa ambayo kiwandani hayakutengenezwa kwa mkono wake.

Jambo moja linawahusu wazazi wa huku kwetu. Hendrix aliandika kwa mkono wa kulia na gitaa akapiga kwa mashoto. Kwa hiyo mtoto aliyefunzwa, kama ada yetu ilivyo, kula kwa mkono wa kulia na akazoea kuandika nao, bado anaweza kuwa mashoto wa gitaa. Usimwamulie kwa kutazama kalamu. Mpe mdundo apige mezani, au mtazame akicheza kirumbizi: mkono unaoshika bakora na kuongoza pigo ndio mkono wa kupigia nyuzi. Mkono mwingine utabana freti, zile reli za chuma shingoni.

Gitaa la kuchagua

Tafuta gitaa la umbo la Stratocaster, yaani lenye pembe mbili mwilini, daraja, yaani kipande cha mwilini zinakoishia nyuzi, lenye vikalio sita (kila uzi na kikalio chake cha chuma kinachosogezwa kwa skrubu) na vigingi sita vya kukazia nyuzi vilivyojipanga upande mmoja wa kichwa. Magitaa ya bei nafuu ya umbo hili yako mengi na yanafaa kabisa.

Epuka gitaa la pembe moja. Ukilipindua, upande uliokatwa ili mkono ufike freti za juu unaangalia dari, na mkono wako unagonga mwili kuanzia freti ya 14 au 15. Epuka pia daraja la kufunga nyuzi kwa skrubu kule kichwani, maana kifungio chake kimetengenezwa kwa upande mmoja.

Gitaa kavu la nyuzi za chuma lisikutamanishe. Kikalio chake ni kipande kimoja kilichowekwa mshazari: upande wa nyuzi nene kiko nyuma kidogo, upande wa nyembamba kiko mbele. Ukihamisha nyuzi, mshazari unakuwa kinyume, na kila unapopanda shingoni nyuzi nene zinapanda sauti kupita kiasi na nyembamba zinashuka. Dawa yake ni kuziba mfereji wa kikalio na kuukata upya, kazi ya fundi wa ala. Gitaa la nyuzi za nailoni ni afadhali, kwa sababu kikalio chake kimenyooka, na kizingiti peke yake ndicho cha kubadilishwa.

Kabla ya kulipa, tazama vigingi. Magitaa mengine yana vigingi vya vimo tofauti, vya mwisho wa kichwa vikiwa vifupi. Kwa mashoto mpangilio huo unafaa kidogo tu, kwa hiyo vigingi vya kimo kimoja ni bora. Tazama na pikapu, zile sumaku chini ya nyuzi: je, vichwa vya sumaku vimelingana au vingine vimechomoza? Tutarudi kwenye hilo.

Vifaa

Bisibisi ya nyota na bapa, alenki (ule ufunguo wa pembe sita) za milimita 1.5, 4 na 5, koleo ya kukatia, wembe, nyundo ndogo, rula ya chuma yenye nusu milimita, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi) ya mafundi wa injini za boti, msasa namba 120, 240 na 400, kipande cha kioo kilichonyooka, supagluu, penseli laini, na programu ya kutuni kwenye simu. Tupa maalumu za kuchimbia mifereji ya nyuzi ni ghali na huku hazipatikani. Badala yake nenda kwa fundi wa kulehemu kwa gesi, uombe seti ya sindano za kusafishia pua ya tochi. Ni vyuma vyembamba vyenye meno, vya unene mbalimbali, na vinachimba mfereji wa uzi vizuri sana. Kwa nyuzi tatu nene waweza pia kutumia kipande cha uzi wa zamani wa unene uleule kama msumeno. Ni kazi ya subira, lakini mfereji unatoka na umbo sahihi.

Kutoa nyuzi na kuhamisha kifungo cha mkanda

Kama daraja linaelea, yaani lina mkono wa kutikisia na springi nyuma, fungua kifuniko cha nyuma na ubane kipande cha mti kati ya chuma cha daraja na ubavu wa shimo kabla hujalegeza chochote. Bila hivyo, nyuzi zikitoka springi zinavuta daraja lote ndani, na kazi ya kulirudisha inakula nusu siku. Sasa legeza nyuzi zote kidogo kidogo, uzitoe.

Kifungo cha mkanda kiko kwenye pembe ndefu. Ukipindua gitaa, pembe ndefu iko chini, kwa hiyo kifungo kihamie pembe fupi. Toboa kwa drili ya milimita 2.5 hadi 3, au kwa keekee kama seremala wako bado anaipenda, kina cha sentimita mbili na nusu. Paka skrubu sabuni kavu kabla ya kuikaza. Shimo likiwa jembamba mno skrubu inakatikia ndani, nayo kuitoa ni balaa. Jua pia kwamba kwa sababu pembe fupi haifiki mbali, kichwa cha gitaa kitataka kuzama chini ukiwa umesimama. Hendrix aliishi na hilo. Mkanda mpana wa ngozi, upande wenye kukwaruza ukigusa bega, unalizuia kwa kiasi kikubwa.

Kizingiti

Kizingiti ni kile kipande cheupe kati ya kichwa na freti ya kwanza, chenye mifereji sita. Kila mfereji umechimbwa kwa unene wa uzi wake. Ukihamisha nyuzi bila kukigusa, uzi mnene unakaa juu ya mfereji wa uzi mwembamba, hauingii, unapanda juu na kuruka pembeni. Uzi mwembamba nao unaanguka ndani ya mfereji mpana, unacheza huku na huku na kulia. Hapa ndipo magitaa mengi yaliyogeuzwa yanapokufa.

Kitoe hivi: kata rangi kwa wembe kwenye kingo zote za kizingiti ili isibanduke vipande. Weka kipande cha mti laini kwenye ncha yake moja, gonga polepole kwa nyundo ndogo kitoke kwa ubavu wa shingo, maana kimekaa ndani ya mfereji. Kikigoma, kipashe joto kwa ncha ya chuma cha kulehemu kwa muda wa dakika moja, gundi italegea. Usikiminye kwa koleo kwa nguvu; kikivunjika na kung'oa kipande cha ubao wa freti utakuwa umeongeza kazi.

Wengine watakuambia ukizungushe tu, kulia kuwe kushoto. Mifereji kweli italingana na nyuzi, lakini kuna kasoro isiyoonekana kwa haraka. Mfereji mzuri umeinama kuelekea kichwani, ili uzi ugusie kizingiti mwisho kabisa upande wa freti. Ukikizungusha, mwinamo unageuka: uzi sasa unagusia upande wa kichwa, unaelea ndani ya mfereji, na sauti inatoka na mvumo wa zumari badala ya kulia safi. Na zaidi, urefu wa uzi umeongezeka milimita mbili tatu, kwa hiyo kodi za freti za kwanza hazikai. Ukikizungusha ni lazima uchimbe mwinamo upya. Kama mifereji bado ina kimo cha kutosha, inawezekana. Kama ni mifupi, tengeneza kipya.

Na kipya bora ni cha mfupa, kitu ambacho Lamu hakikosekani. Mwombe muuza nyama mfupa wa mguu wa ng'ombe, sehemu ya katikati ambako ukuta wake ni mnene. Pembe ya ndovu, hata kipande cha zamani kutoka sandukuni mwa bibi, usikiguse: sheria inakataza kuiuza na kuitumia, na mfupa unafanya kazi sawasawa. Hali kadhalika gamba la ng'amba kwa ajili ya kupigia nyuzi. Plastiki inatosha.

Kwangua nyama na uboho wote. Chemsha mfupa kwa moto mdogo katika maji yenye sabuni ya unga, ukimwaga maji yenye mafuta na kuweka mengine, mpaka maji yabaki bila mafuta yanayoelea. Usichemshe kwa moto mkali siku nzima, mfupa utakuwa mwepesi kuvunjika. Uloweke usiku mmoja katika dawa ya haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, kisha uanike kivulini kwa siku kadhaa. Juani utapasuka. Ukiacha mafuta ndani, gundi haitashika na kizingiti kitageuka manjano na kunuka.

Kata kwa msumeno wa chuma kipande cha urefu wa milimita 43, kimo 8, unene 4. Funga kitambaa puani na mdomoni, vumbi la mfupa halifai mapafuni. Weka msasa wa 120 juu ya kioo na usugue kipande mpaka unene ulingane na mfereji wa shingo, ambao kwa Stratocaster nyingi ni kama milimita 3.2, pima wako. Kipime kila baada ya misuguo michache. Kiingie kwa kusukumwa na kidole gumba, kisilegee wala kisilazimishwe: cha kulazimishwa hupasua mti. Tazama pia chini ya mfereji. Mingine imenyooka, mingine ina mviringo kama ubao wa freti, na kizingiti kifuate umbo hilo, vinginevyo kinakaa juu ya hewa na sauti ya nyuzi za katikati inazimika.

Sasa pima nafasi. Kwa shingo ya upana wa milimita 42, acha 3.5 kila upande, zibaki 35 kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita. Usigawanye 35 kwa tano sawasawa, maana nyuzi nene zitabanana. Kinachotakiwa kulingana ni uwazi kati ya nyuzi, si vitovu vyake. Kwa seti ya 10 hadi 46 (unene wa uzi mwembamba na mnene kwa sehemu za elfu za inchi), vipimo kutoka kitovu hadi kitovu, ukianzia uzi mnene, ni 7.4, kisha 7.2, 6.9, 6.8 na 6.7. Weka alama kwa penseli iliyochongwa sana. Na hapa simama uhakikishe: gitaa likiwa limeshikwa kishoto, uzi mnene uko juu. Watu makini wamechimba mifereji yote sita kwa upande wa kulia kwa mazoea tu.

Unene wa nyuzi za seti hiyo kwa milimita ni 0.25, 0.33, 0.43, 0.66, 0.91 na 1.17. Mfereji uzidi uzi kwa milimita 0.05 hivi, si zaidi. Ukiwa mwembamba, uzi unabanwa: unakaza kigingi hausikii mabadiliko, kisha unatoa mlio wa "tik" na kuruka juu ghafla. Ukiwa mpana, uzi unacheza. Chimba ukiinamisha sindano kuelekea kichwani kufuata mwinamo wa uzi unaposhukia kigingini, na usimame mapema.

Kina cha mwisho kipimwe na nyuzi zikiwa zimekazwa. Bana uzi kwenye freti ya 3, kisha tazama juu ya freti ya 1. Pawepo na uwazi mdogo sana, kati ya milimita 0.1 na 0.2. Ukigonga uzi hapo kwa kidole usikie mlio hafifu wa chuma kugusa chuma. Uwazi ukiwa mkubwa, kodi za freti za mwanzo zinapanda sauti kila unapobana, na kidole kinachoka. Hakuna uwazi kabisa, uzi mtupu utanguruma kwenye freti ya kwanza. Hilo likitokea, jaza mfereji vumbi laini la mfupa uliosugua, dondoshea tone moja la supagluu, ngoja likauke kabisa, uchimbe tena. Tunza vumbi lako, usilipulize.

Mwishowe punguza kimo cha juu ili nyuzi nene zizame nusu na nyembamba zilingane na uso, sugua kwa msasa wa 400, weka matone mawili madogo ya gundi, na upake risasi ya penseli ndani ya mifereji. Risasi hiyo ndiyo inayofanya uzi urudi kwenye sauti yake baada ya kutikisa daraja.

Kufunga nyuzi

Gitaa likishapinduliwa, kigingi cha uzi mnene ndicho cha mbali kabisa mwishoni mwa kichwa, na cha uzi mwembamba ndicho cha karibu na kizingiti. Vigingi vyote vinaangalia chini. Acha ulegevu wa sentimita 5 hadi 6 kwa nyuzi nene na 7 hadi 8 kwa nyembamba kabla ya kukaza, ili upate mizunguko miwili au mitatu kwa nene na minne hivi kwa nyembamba, kila mzunguko ukishuka chini ya uliotangulia. Kile kibano kidogo cha chuma kichwani, kilichowekwa kushikilia nyuzi nyembamba, sasa kinazikuta nyuzi nene, na msokoto wake hukwama hapo. Jaribu kukiondoa. Uzi ukianza kuchezacheza kizingitini, kirudishe na ukipake risasi ya penseli.

Hendrix alitumia nyuzi nyepesi, seti ya 10 hadi 38, na mara nyingi alituni nusu hatua chini: E ikawa E bapa na nyingine zote zikafuata. Ndiyo sababu uzi ulivutika kwa urahisi chini ya vidole vyake. Ukituni hivyo kwenye daraja linaloelea, nyuma ya gitaa legeza skrubu mbili za springi, nusu mzunguko kwa wakati, mpaka daraja lirudi mahali pake. Chimba kizingiti kwa seti utakayotumia kweli. Kilichochimbwa kwa 46 hakiushiki vizuri uzi wa 38.

Kupima shingo, vimo na sauti

Tuni kwanza. Bana uzi mnene freti ya 1 na freti ya mwisho kwa pamoja, upime uwazi juu ya freti ya 8. Milimita 0.25 ni sawa. Ukizidi sana, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa kukizungusha kufuata mshale wa saa, robo mzunguko tu, utuni tena, upime. Ukikosekana, legeza. Kikigoma usikilazimishe, kikikatika, shingo imekwenda.

Halafu vimo vya vikalio kwenye freti ya 12: uzi mnene milimita 2.0, mwembamba 1.6, wa katikati wakipanda taratibu kufuata mviringo wa shingo. Gitaa lilipokuwa la kulia upande ulio juu sasa ulikuwa wa uzi mwembamba, kwa hiyo vikalio vyake viko chini mno. Usipoviinua, uzi mnene utanguruma shingo nzima na utamsingizia kizingiti.

Kisha usahihi wa sauti. Piga mlio wa kengele, yaani gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, utazame programu. Sasa bana freti ya 12 upige. Ikiwa ya kubana iko juu, sogeza kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Ukimaliza, vikalio vitatu vya nyuzi nene vitakuwa vimejipanga kama ngazi, cha mnene kabisa kikiwa nyuma zaidi, kisha cha uzi wa tatu kinarudi nyuma tena, na vya pili na kwanza vinasonga mbele. Ngazi yako ikiwa kinyume, kuna kikalio hujakigusa. Springi ya kikalio cha uzi mnene ikizuia, ikate mizunguko miwili mitatu kwa koleo.

Zile nukta za ubavuni mwa shingo sasa zinaangalia sakafu. Weka nyingine upande wa juu kwa tone la rangi ya kucha kwenye freti ya 3, 5, 7, 9 na 12.

Pikapu, na sauti unayoipata

Pikapu ya karibu na daraja imewekwa mshazari. Kwa gitaa la kulia, nyuzi nene husikika kutoka mbali zaidi na daraja na nyembamba kutoka karibu. Likipinduliwa, mambo yanabadilika: nene zinatoka kavu na kaza, nyembamba zinatoka na unene kidogo, bila ukali wa kukata masikio. Hii ni sehemu ya sauti ya Hendrix ambayo mtu wa kulia haipati kwa kununua kifaa.

Kama vichwa vya sumaku zako vina vimo tofauti kwa mtindo wa zamani, kifupi kabisa kilikuwa cha uzi wa 2, na sasa juu yake uko uzi wa 5, kwa hiyo utausikia dhaifu. Usijaribu kusukuma sumaku kwa kidole au bisibisi, waya mwembamba wa ndani hukatika na pikapu inakufa. Sogeza pikapu nzima: bana nyuzi kwenye freti ya mwisho, acha milimita 2.4 kati ya sumaku na uzi mnene, 2.0 kwa mwembamba, kisha rekebisha kwa sikio. Zikikaribia mno, sumaku inavuta uzi na noti za juu zinayumba kama zimelewa. Sumaku zilizolingana hazina shida hii.

Vitufe vya sauti viko juu sasa, chini ya kigasha chako, na utazungusha sauti bila kutaka. Weka pete nyembamba ya mpira chini ya kitufe ili kiwe kizito kidogo. Waya wa kwenda kwenye amplifaya unatokea juu. Upitishe nyuma ya mkanda kabla ya kuuchomeka, ukikanyagwa using'oe tundu.

Hendrix alitumia kitufe hicho cha sauti kama sehemu ya upigaji. Kifaa chake cha kukwaruza sauti, Fuzz Face, husafika kikipokea sauti ndogo kutoka gitaani: punguza kitufe nayo inalia laini, ongeza nayo inawaka. Kinafanya hivyo kikiwa karibu na gitaa tu. Ukitanguliza kifaa kingine chenye kupitisha umeme wake wakati wote, tabia hiyo hupotea. Yeye mwenyewe alitanguliza wawa ya Vox (kanyagio linalofanya gitaa liseme "wa-wa"), na mchanganyiko wa vifaa hivyo viwili hupiga mluzi mara nyingine. Ikitokea, badilisha mpangilio. Amplifaya iliyoletwa kutoka Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 240 yetu bila transfoma ya kushusha inaungua papo hapo.

Chumvi

Upepo wa kusi unaleta chumvi hadi chumbani. Futa nyuzi, juu na chini, kwa kitambaa kikavu cha pamba kila umalizapo kupiga. Skrubu za vikalio ndizo zinazooza kwanza, na zikishikana hutaweza tena kurekebisha kimo: kila mwezi weka tone dogo la mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti, si kwa kumimina. Freti zikigeuka kijani, sugua kwa sufi laini ya chuma, lakini kwanza funika pikapu zote kwa utepe wa karatasi, maana vipande vya chuma huvutwa na sumaku na havitoki. Ndani ya mfuko wa gitaa weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, uvibadilishe vikijaa. Ukipanda boti kwenda Mokowe au Shela, funga mfuko wote ndani ya gunia la plastiki, na gitaa lilazwe juu ya mizigo, kamwe lisiwekwe sakafuni mwa boti.

Gitaa lililogeuzwa hutulia kwa wiki mbili tatu. Baada ya hapo pima tena uwazi wa freti ya 8 na vimo vya freti ya 12, na urudie kila kaskazi inapogeuka kusi na masika yanapoisha, kwa sababu mti wa shingo hunywa unyevu na kuutoa.